Pumba kwa Kuku, Sembe kwa Watoto

Ukipita kwenye mashine za kusaga za Manzese au Tandale utaona mahindi yanapitia hatua mbili, kila moja na malipo yake. Kwanza yanakobolewa, kisha yanasagwa. Huku unatoka unga mweupe, yaani sembe, wa kupakiwa kwenye mifuko na kusambazwa madukani kutoka Mbagala hadi Bunju. Kule zinatoka pumba, na pumba hazitupwi hata kidogo. Wanunuzi wanazisubiri na magunia yao, maana jiji hili limejaa wafugaji wa kuku, ng'ombe wa maziwa na nguruwe. Matokeo yake ni kwamba kuku wa mayai wa Dar es Salaam anapata ile sehemu ya punje yenye nyuzinyuzi nyingi kuliko zote, na mtoto wa mwenye kuku anakula kilichobaki.

Nimeanzia huko kwa sababu mazungumzo ya nyuzinyuzi yamepamba moto mjini, hasa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, na mara nyingi yanaelekea upande uleule: nimnunulie mtoto nini? Anatajwa mwenye oti za boksi, anatokea mwenye mbegu za chia, kisha kuna anayeuza unga wake wa kuchanganya kwenye maziwa. Sipingi mtu kutumia fedha zake apendavyo. Ila naona swali limekaa upande. Nyuzinyuzi zimejaa kwenye masoko yetu, tena kwenye vyakula vya bei ya chini, na sisi tunalipa fedha ya ziada, au tunapoteza muda jikoni, ili ziondolewe kabla hazijamfikia mtoto.

Nyuzinyuzi ni zile sehemu za mmea ambazo utumbo mwembamba haumeng'enyi. Zinashuka hadi utumbo mpana zikiwa karibu kama zilivyoliwa. Huko nyingine hushika maji na kukifanya choo kiwe kikubwa na laini, nyingine huliwa na bakteria wanaoishi humo, na bakteria hao hutengeneza asidi ambazo ndizo chakula cha ukuta wa utumbo wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 15 kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 apate gramu 21, na kuanzia miaka 10 apate gramu 25 kama mtu mzima. Mwongozo unataja nyuzinyuzi zilizomo ndani ya chakula chenyewe. Vidonge na unga wa kopo havimo.

Gramu 21 ni kiasi gani? Tuchukue mtoto wa miaka saba, wa Tabata au Kinondoni, ambaye kwao chakula kipo. Asubuhi anakunywa chai ya maziwa na vipande vitatu vya mkate mweupe: gramu 2. Mchana anakula wali mweupe kwa mchuzi wa nyama, sahani ya kushiba: kama gramu 1 na nusu, tena hiyo nusu ni ya nyanya na vitunguu. Saa kumi jioni ni biskuti na juisi ya boksi: haifiki gramu 1. Usiku ni ugali wa sembe kwa samaki, na vijiko viwili vya mchicha vya kumridhisha mama: tuseme gramu 4. Ukijumlisha unapata gramu 8 au 9. Ni makadirio, najua, kwa viwango vya kawaida vya majedwali ya vyakula, na sahani hazilingani. Hata ukimwongezea, nusu ya lengo bado haipati. Na huyu ni mtoto ambaye jirani akimwona atasema analishwa vizuri.

Mbadilishie vitu vichache. Asubuhi mpe nusu kikombe cha mbaazi pamoja na andazi lake: gramu 6 kutoka kwenye mbaazi peke yake. Chungwa zima badala ya juisi: gramu 3. Karanga za kukaanga kiganja kimoja: gramu 2 na kitu. Ugali wa dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, uliosongwa kwa gramu mia za unga: karibu gramu 7. Nusu kikombe cha mchicha, gramu 2. Ukiweka na kidogo kinachotoka kwenye wali na andazi umevuka 21, bila kukanyaga supamaketi.

Kinachonishangaza ni kwamba elimu hii ya nyuzinyuzi ina asili yake hapa hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi miaka ya 1960. Mwenzake Hugh Trowell alitibu watu Kenya na Uganda kwa takriban miaka thelathini. Waliporudi kwao wakawa wanajiuliza kwa nini maradhi ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza walikuwa hawayaoni kwa wanavijiji wa huku. Mwaka 1972 Burkitt, pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter, walichapisha kwenye jarida la Lancet matokeo ya kupima choo, uzito wake na muda wake wa kusafiri tumboni. Chakula cha mwanakijiji wa Uganda kilipita ndani ya siku moja na nusu hivi. Cha Mwingereza aliyekula mkate mweupe kilichukua siku tatu na zaidi. Si kila alichodai Burkitt baadaye kilisimama. Alikuwa na shauku ya mhubiri, na baadhi ya maradhi aliyoyahusisha na nyuzinyuzi yamegeuka kuwa na mambo mengi zaidi nyuma yake. Lakini lile la choo limebaki. Wazungu walijifunza kwa babu zetu, wakaanza kula mkate wenye pumba, na sisi tukapishana nao njiani tukielekea kwenye ule mweupe.

Sasa turudi kwenye sembe, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo, na wanaowalaumu akina mama kwa kununua sembe hawajafikiri vya kutosha. Sembe ina sababu zake. Ya kwanza ni biashara. Kiini cha mahindi kina mafuta, na unga ukisagwa na kiini chake mafuta hayo huharibika. Baada ya wiki chache unga wa dona unaanza kuwa na harufu na uchungu. Sembe inakaa. Mwenye duka wa Gongo la Mboto hawezi kujaza rafu kwa kitu kitakachomwozea. Msagishaji naye anapenda kukoboa kwa sababu anauza mara mbili, unga na pumba. Mlaji ndiye anayelipia: gunia la mahindi la kilo 100 likikobolewa, linapungua kwa robo hivi au zaidi, kutegemea mashine, ilhali la dona linapungua kidogo sana.

Ya pili ni hadhi. Waliokuwa wakubwa miaka ya shida ya chakula wanakumbuka unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na foleni zake. Dona nayo iliambatana na shule za bweni, jeshi na magereza. Mtu aliyekula dona kwa kulazimishwa miaka sita, akipata kazi na nyumba yake, ugali wake anautaka mweupe kama pamba. Mtaalamu wa lishe atamwonyesha jedwali, yeye atakuwa anakumbuka sufuria la bwenini.

Ya tatu ndiyo nzito, na watetezi wa dona huwa wanaipita kimya kimya: sumukuvu. Fangasi wanaoota kwenye mahindi yaliyovunwa na unyevu, au yaliyohifadhiwa vibaya, hutoa sumu inayoumiza ini. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki huko Dodoma na Manyara kwa sababu hiyo. Sumu hiyo hukaa kwa wingi kwenye ganda na kiini, yaani kwenye kile kile ambacho kukoboa kunakiondoa. Kwa hiyo dona ya mahindi mabovu ni mbaya kuliko sembe ya mahindi yale yale. Anayetaka dona lazima ajue mahindi yake: anunue makavu yanayolia yakipigwa pamoja, ayachambue atoe yenye ukungu, yaliyobadilika rangi na yaliyovunjika, asagishe kidogo kidogo, ya wiki mbili tatu. Hiyo ni kazi. Mama anayetoka Kibaha alfajiri kwenda kazini Posta hana nafasi yake, na hapaswi kuonekana mzembe.

Ndiyo maana siamini kwamba dona ndiyo mlango mkuu. Unga ulioongezwa virutubishi hausaidii hapa pia. Utaratibu wa nchi wa kuwataka wenye viwanda waongeze madini ya chuma, zinki na asidi ya foliki ni mzuri na unastahili sifa, lakini nyuzinyuzi hazimo kwenye mchanganyiko huo na haziwezi kuwamo. Mlango mwepesi zaidi kwa Dar es Salaam ni jamii ya kunde: maharage, mbaazi, kunde, choroko, dengu. Nusu kikombe cha yoyote kati ya hivyo, vikiwa vimepikwa, ni gramu 6 hivi. Mboga za majani na matunda mengi ya kawaida sokoni hayaifikii hesabu hiyo kwa kiasi kile kile, ingawa parachichi na pera yanakaribia.

Na watu wa Pwani walikuwa wanalijua hili bila jedwali. Mbaazi za nazi kwa maandazi ni kifungua kinywa cha Mzizima, Dar es Salaam ya kale, tangu zamani. Kunde, mihogo, magimbi na viazi vitamu vilikuwa chakula cha jioni, siyo futari ya Ramadhani peke yake. Siku hizi mbaazi zimebaki kwa mama ntilie na kwa wageni wa Tanga, nyumbani tumeshika mkate na siagi ya kopo, kwa sababu mbaazi zinachukua muda na mkaa ni ghali, gesi nayo ni ghali. Sababu hiyo ni ya kweli. Kuloweka usiku kucha kunapunguza muda wa jikoni sana, na kunapunguza pia gesi tumboni ambayo watoto wanailalamikia. Mwenye friji achemshe za siku nne kwa mpigo.

Kwenye matunda tuna desturi moja ya ajabu kidogo. Machungwa ya Muheza yanafika mjini kwa malori, yanamenywa kwa ustadi ambao sijauona kwingine, yanakatwa kichwa, halafu tunafyonza maji na kutupa makapi. Kila kona ya Buguruni na Kariakoo utaona rundo la makapi hayo chini ya toroli. Nyuzinyuzi zote zipo hapo chini. Nyumbani tunafanya vile vile kwa mashine ya juisi na chujio: machungwa manne yanaingia kwenye glasi moja, sukari yake inabaki yote na nyuzinyuzi karibu zote zinakwenda kwenye ndoo. Mtoto akimaliza glasi hiyo tunampongeza kwa kupenda matunda. Nazi nayo, tui linakamuliwa na machicha wanapewa kuku. (Kuku tena! Ila hapo siwezi kubishana nao, sijawahi kumshauri mtu ale machicha.)

Kwa upande mwingine, mchuuzi wa getini anatukanwa kupita anavyostahili. Ni kweli anauza askrimu za rangi na chipsi za mafuta ya jana. Lakini ni yeye huyo huyo anayeuza mahindi ya kuchoma, karanga za kwenye karatasi, bisi, na embe bichi lenye chumvi na pilipili. Hata ubuyu, ukiuondolea sukari na ile rangi nyekundu inayobaki ulimini hadi jioni, ni miongoni mwa vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi sana tulivyo navyo. Mtoto wa shule ya serikali mwenye mia tano yake anaweza kula nyuzinyuzi nyingi mapumziko kuliko mwenzake wa shule ya kulipia, mwenye kontena la soseji, biskuti na juisi.

Sasa kuna sehemu ya habari hii ambayo haihusu chakula kabisa. Mzazi anabadilisha kila kitu, mbaazi, dona, mapapai, na mtoto bado anakaa siku nne bila choo na analia akienda. Muulize anaamka saa ngapi. Tumbo la binadamu lina kawaida ya kusukuma choo muda mfupi baada ya kula, na zaidi asubuhi. Watoto wengi wa Dar saa hiyo wako ndani ya basi la shule. Wamechukuliwa saa kumi na moja alfajiri, chai wamekunywa wamesimama au hawakunywa, na tumbo linapoamka wao wako kwenye foleni ya Ubungo au Mwenge. Wanabana. Wakifika shuleni wanakutana na vyoo. Kiwango cha nchi ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na mzazi yeyote aliyewahi kuingia kwenye shule yenye wanafunzi elfu mbili anaweza kujihesabia mwenyewe. Kuna vyoo visivyo na maji, kuna milango isiyofunga. Mtoto wa kike wa darasa la nne anabana hadi nyumbani, na ili aweze kubana vizuri anaacha kunywa maji.

Choo kinachokaa kinanyonywa maji, kinakuwa kigumu, kinamuumiza, na kesho yake anabana zaidi kwa woga. Ukimwongezea nyuzinyuzi mtoto wa namna hiyo bila maji na bila nafasi ya kwenda chooni, unamwongezea mzigo. Kuna nyumba ambako dawa yake ni kipande cha sabuni cha kuingizwa njia ya haja kubwa, na bibi ana nia njema kabisa, lakini sabuni inauchubua utumbo na inamfundisha mtoto kuogopa choo zaidi. Dakika kumi za kukaa chooni baada ya chakula cha jioni, bila simu na bila kukaripiwa, zinafanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Mtoto mwenye damu kwenye choo, tumbo lililovimba na kukaza, matapishi, au asiyeongezeka uzito, huyo ni wa kupelekwa hospitali, habari za mbaazi zisubiri.

Na kuna watoto ambao makala hii haiwahusu, nisije nikasomwa vibaya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo. Ukimjaza uji mwepesi wa dona anashiba maji na pumba kabla hajapata nguvu ya kumkuza, na zile nafaka zisizokobolewa zina kitu kinachoitwa faiteti, kinachoshika madini ya chuma na zinki visinyonywe vizuri. Kwa huyu, mafuta kidogo, yai, dagaa waliosagwa na karanga zilizosagwa vina kipaumbele. Bibi zetu walikuwa na ufumbuzi hapa pia: kimea. Ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, kijiko chake kimoja kinalainisha uji mzito ukanyweka bila kuongezwa maji, na kuotesha huko huko kunapunguza faiteti. Wataalamu wa lishe wa nchini waliufanyia utafiti tangu miaka ya 1980, na bado mjini tunauziwa unga wa lishe wenye nafaka kumi ambao haujui kimea. Baada ya miaka miwili, taratibu, mtoto anaanza kula kama nyumba inavyokula, na hesabu ya gramu 15 inaanza hapo.

Mahali ambapo uamuzi mmoja unaweza kugusa mamia ya watoto kwa siku moja ni chakula cha shuleni, kile ambacho wazazi wanachangia. Vikao vya michango naona vinagombana kuhusu kiasi na nani hajalipa, na vinatawanyika bila kuuliza kinachopikwa. Makande, ambayo wanafunzi wameyatania vizazi na vizazi, ni chakula kizuri sana kwa hesabu zote nilizozitaja, ilimradi mambo mawili yatazamwe. Kwanza, mahindi ya makande siku hizi nayo yanakobolewa, kwa hiyo mzigo wa nyuzinyuzi umehamia kwenye maharage. Pili ni wingi wa maharage yenyewe. Ili kila mtoto apate gramu zake 6, anahitaji kama gramu 40 za maharage makavu; kwa watoto 100 ni kilo 4. Mwulize mpishi anapima kilo ngapi. Akitaja kilo moja na nusu, watoto wenu wanakula mahindi meupe yenye mchuzi wa maharage, na mchango umelipwa kamili.